Kukimbia kwa Tango Moja

Mjukuu wangu Salma,

Huku Rahaleo hatujambo, na mikorosho ya babu yako imeanza kutoa maua. Lakini barua yako imenichoma! Umezirai ukikimbia, kutwa unakula tango moja, halafu unaniuliza kama ulikate nusu ili upungue zaidi?

Nami usichanani nilichekwa kwa unene. Nikaacha kula, nikakimbia kuelekea Likombe, nikaanguka njiani. Mama alikuja kuniokota huku akifoka, "Nani kakutuma ufe njaa na chakula kipo?" Kesho yake alinipakulia samaki, mchicha na ugali kidogo. Jioni akajifunga kanga kiunoni, tukakimbia wote, yeye akihema kunizidi. Nilipungua taratibu, wala sikuanguka tena.

Barua hii ikikufika, pika, kisha nipigie simu nisikie unatafuna.

Bibi yako, bado nimekasirika.