Ng'ombe wa Chimala na Usingizi wa Baba

Baba yangu mpendwa,

Juzi nilipita Chimala na basi, na pale wanapopanga magunia ya mchele kando ya barabara nikajikuta nachungulia dirishani kutafuta ng'ombe. Ng'ombe wako wale. Mpaka leo wananistaajabisha kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na wala sikuwaona.

Siku ile nilikaa ndani ya lori lako, kati yako na utingo, unanipeleka chuo Iringa. Shavu lako lilikuwa limevimba kwa majani ya mirungi, na bigijii ya kutafuna humo humo ya kuua uchungu wake. Tangu Tunduma hukuwa umefumba jicho wala kutia chochote tumboni, na maneno yalikutoka kama maharage yanavyochemka. Ghafla ukakanyaga breki, jua linawaka, barabara nyeupe. Ukashuka. Ukamsalimia kwa adabu mchungaji ambaye hakuwepo, ukamwomba asogeze ng'ombe wake. Ukaniita nije nimwone yule mwekundu mwenye pembe moja. Nilitazama, baba. Kwa jinsi ulivyokuwa na hakika, nusura nimwone. Ubongo gani huo unaoweza kuumba kundi zima, hadi pembe iliyovunjika, kwa majani tu na kukosa usingizi!

Utingo, mtu wa mizaha yule, hakucheka. "Bosi, hapa hamna ng'ombe," alisema. "Nipe usukani, nikurudishe nyumbani." Ukampa.

Uyole tulimkuta bibi uani anamenya viazi. Akakusalimia Kinyakyusa kama kawaida yake, "Ugonile?" Yaani, umelala? Miaka yote ulimjibu "Ndaga," yaani asante, hata macho yakiwa mekundu kama pilipili, maana ndivyo kila mtu anavyojibu. Nani hujibu salamu kwa ukweli? Siku hiyo ulisimama ukamwangalia.

"Sijalala, mama," ulisema. "Sijalala kabisa." Kisha ukalia.

Bibi akaweka kisu chini. "Ingia ndani ulale, mwanangu. Lori si mama yako."

Ulilala mpaka tukawa tunakuja kwa zamu kusikiliza kama unapumua. Baadaye daktari alitueleza kwamba jani lile halikupi nguvu yoyote. Linazichota zako mwenyewe, huku likiuziba ubongo masikio usisikie mwili unavyolalamika, na moyo unakimbia hata ukiwa umekaa. Ukiliacha, furaha nayo inapotea, kwa sababu ubongo umesahau namna ya kuitengeneza. Akatuonya pia kwamba moyo wako umechakaa.

Tuliyaona yote hayo. Ulikuwa unakaa kibarazani kama mgeni asiyejua amekuja kwa nani, ukifoka tukiangusha hata kijiko. Chakula ulikisukuma pembeni, ukisema hakina ladha. Mama aliogopa utarudi kwenye majani, nami niliogopa zaidi yake.

Halafu mchana mmoja, bila sababu, ukachukua tonge la wali ukalisogeza puani. "Mbona huu unanukia?" ukauliza. Mama alijifunika uso kwa khanga, na mimi nikakusogezea sahani. Kumbe muda wote ule tulipodhani umetutoka, kichwani mwako kulikuwa na kazi inaendelea kimya kimya, inashona palipochanika. Sijui niushangae ubongo uliowaumba wale ng'ombe au huu uliokurudishia harufu ya wali. Ni ule ule mmoja.

Toka hapo usingizi wako ukawa sherehe ya nyumba nzima. Ndiyo maana Jumapili ile, ulipojinyoosha mkekani baada ya chakula, bibi alitufukuza wote. "Msipige kelele, mwanangu amelala." Tulitembea kwa kunyata mchana kutwa, tukinong'ona na kutabasamu, hata redio ya jirani tukaomba izimwe. Moyo wako ulikuwa umeshasimama, baba, nasi tuko mlangoni tunakulindia usingizi.

Pumzika. Mimi bado nanyata.

Binti yako