Baba, Wewe Ndiye Kocha wa Wexby

Dzaleka, Malawi

Kwako Baba yangu mpenzi, Mzee Saidi Kalume,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute hapo ulipo, na nadhani uko barazani kwenye kiti chako cha mianzi, umenyoosha mguu mmoja. Goti linasemaje? Mama bado analikanda kwa mawese ya moto, au umeanza tena kumtoroka? Na yule jogoo wako mkorofi, bado anafukuza wageni? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie Mama.

Barua hii nimeiandika kwa mkono. Rafiki yangu Fidèle, Mrundi anayetengeneza simu hapa sokoni, ataipiga picha na kuituma kwa dada Zaituni akusomee. Zaituni, nakuomba, soma yote. Usiruke mstari, hata ukishikwa na kicheko, na hata ukifika mahali ambapo hutacheka. Ukimaliza mpe Baba simu auone mwandiko mwenyewe. Macho yake bado ni mazima, nami nataka auone.

Habari za huku ni mchanganyiko. Tangu ilipoamriwa kwamba wakimbizi tuliokuwa mjini turudi kambini, kibanda changu cha Mchesi, kule sokoni Lilongwe, nilikifunga. Sasa nauza nyuzi, vifungo, zipu na vitenge hapa Dzaleka, ubavuni mwa Maman Riziki, fundi cherehani kutoka Uvira. Yeye ni mtu wa kanisa, mimi ni mtu wa msikiti, na tunagombana kila siku kwa upendo mwingi. Chakula ni nsima, ugali wao mweupe, leo nsima na kesho nsima. Wali wa Maniema na sombe ya Mama, kisamvu chake cha mawese, naviota tu. Posho imepungua, na juzi walihakiki tena orodha ya watu. Hapa, Baba, orodha ndiyo uhai. Jina likitoka kwenye orodha, wewe hupo, hata ukisimama mbele ya karani ukipunga mkono. Jina la Maman Riziki liliwahi kupotea mwezi mzima, naye na watoto wake watatu wakala kwa majirani. Langu lipo, namshukuru Mungu. Kumbuka habari hii ya orodha, maana itatuletea balaa mbele.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Una kazi mpya, Baba. Wewe ni kocha wa timu ya mpira huko Uingereza.

Zaituni, mwache acheke kwanza, halafu endelea.

Ni hivi. Fidèle ana kompyuta moja kuukuu, na ndani yake mna mchezo wa kuongoza timu. Hupigi mpira mwenyewe. Wewe unachagua nani acheze na nani akae benchi, unapanga mazoezi, unanunua na kuuza wachezaji, unajibu maswali ya waandishi wa habari, kisha mashine inacheza mechi nawe unatazama ukiwa umeshika kichwa. Tulichagua timu ndogo ya daraja la nne, inaitwa Wexby, kwa sababu Fidèle alisema timu kubwa ni za watu wasiojua shida. Mashine ikauliza: jina la kocha? Nilikuwa niandike langu. Vidole vikaandika Saidi Kalume.

Sikukuomba ruhusa, na najua jina la baba halichukuliwi hivi hivi kama kandambili za mlangoni. Nilijiambia ni mchezo tu. Mashine ikaniuliza umri wako, nikauandika wa kweli, ikachora mzee mwenye koti zito na kofia. Fidèle alicheka hadi machozi. "Rama, huyu muzee atakufa na baridi! Umupatie écharpe ya shingo!"

Basi Baba ukaanza kazi, na kambi ikasikia. Siku hizi kila alasiri, baada ya swala, watu wanajaa kwenye kibanda cha Maman Riziki kwa sababu yeye ndiye mwenye umeme wa jua. Hawaniulizi habari zangu tena, wanauliza zako. "Muzee Kalume amekula mabao ngapi leo?" Hata nikienda Lilongwe kununua mzigo, yule mwenye duka la nyuzi pale Mchesi, Mmalawi mmoja mnene mwenye roho safi, ananipokea na swali: "Coach ali bwanji?" Yaani, kocha hajambo? Namwambia hajambo, ila goti.

Na msaidizi wako, Baba, ni Maman Riziki. Mpira hakuwahi kuutazama maishani mwake. Anawachagua wachezaji kwa kuwaangalia sura. "Huyu haachi pombe. Huyu iko na deni. Ule pale alilelewa na bibi yake, mupange." Mara nyingi anapatia, na hilo linamuudhi sana Fidèle.

Balaa lilianza pale mashine ilipotaka tupunguze wachezaji. Walikuwa wengi mno. Ikaleta orodha, ikasema tukate majina. Mimi nikashika kile kipanya cha kompyuta. Maman Riziki akasimama, mkasi mkononi.

"We Rama. Unataka kufanya nini?"

"Kutoa majina, Maman. Mashine inataka."

"Mi sitatoa jina ya muntu kwa liste. Wanaume hawa bako na batoto. We unajua kutolewa kwa liste njo nini?"

Watu wote wakasema njo vile, njo vile, yaani ndivyo hivyo. Hakuna aliyekubali. Hatukukata hata jina moja. Na wale waliokuja kuomba nafasi, wachezaji walioachwa na timu nyingine, tuliwapokea pia, maana mgeni hafukuzwi mlangoni. Tukafika wachezaji arobaini na mmoja. Fidèle akajishika kiuno: "Arobaini na moja! Hii njo ekipe ya mpira ao njo kambi?"

Na kwa kuwa wote walikuwa kwenye orodha, tukaona haki ni wote wacheze. Leo hawa, wiki ijayo wale. Wazuri wakanuna, wabovu wakachoka, timu ikafungwa, ikafungwa, ikafungwa tena. Siku moja baada ya kichapo cha mabao matano, bwana mmoja wa Bujumbura akauliza kwa hasira, ni kocha gani duniani anayepanga timu namna hii? Nikafungua mdomo kumjibu, nikajiona niko uwanjani kwetu Kindu, nina miaka kumi na saba, nakusikia ukisema maneno yako yale: aliyefunga viatu, acheze.

Nilicheka peke yangu, Baba. Kisha sikucheka tena.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu miaka mingi. Unakumbuka fainali ile ya mitaa. Ulimpanga Hasani, mtoto wa yule mjane Mama Tabu, aliyekuwa hajui kupiga mpira hata ukimwekea mguuni, kwa sababu alikuwa hajacheza msimu mzima. Aliyekaa benchi ili Hasani acheze ni mimi mwanao. Tulifungwa. Wiki iliyofuata ukaletewa barua ya kamati kwamba ukabidhi timu. Uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia mfukoni. Asubuhi yake ukaitundika filimbi kwenye msumari wa ukumbini, na tangu siku hiyo sijakusikia ukitaja mpira. Redio ikianza matokeo, unaondoka kwenda kuangalia kuku.

Barua ile niliiandika mimi. Wazee wa kamati walinichagua kwa sababu ya mwandiko mzuri. Na najua uliutambua, maana ni wewe uliyenifundisha kuandika, na ile R yangu yenye mkia hakuna mwingine mwenye nayo. Lakini kuna jambo hulijui. Wazee walinisomea maneno yao, nikayaandika yote kama walivyosema. Ule mstari wa mwisho, uliosema mzee amechoka na apumzike, hawakunisomea wao. Niliuongeza mwenyewe, kwa hasira ya benchi. Nimeona aibu kila nilipoipita filimbi ile pale ukumbini, nikavuka mipaka mitatu na aibu hiyo hiyo mfukoni. Nisamehe, Baba.

Zaituni, mpe maji anywe. Halafu endelea, maana kazi bado ipo.

Juma lililopita wakubwa wa Wexby nao walikuandikia barua. Ilitokea kwenye kioo, kwa Kiingereza cha heshima sana. Fidèle akatufasiria: mechi ya mwisho ya msimu tushinde tubaki daraja la nne, tukishindwa au tukitoka sare, tunashuka na wewe unafukuzwa. Baba, nilivyoona jina Saidi Kalume na neno la kufukuzwa kwenye mstari mmoja, niliiona ile barua ya kamati. Maman Riziki akakigombeza kioo: "Bamuache muzee wa bantu! Amebakosea nini?" Hata yule bwana wa Bujumbura akavua kofia.

Siku ya mechi, watu walianza kufika kabla ya adhuhuri. Mafundi walisimamisha cherehani. Waendesha kabaza wawili waliegesha baiskeli zao mlangoni, wakakataa abiria. Tukafungwa mapema, tukasawazisha kwa kichwa, na kibanda kikapata ufa ambao Maman Riziki anasema nitauziba mimi. Ikafika dakika ya sitini na moja, bao moja kwa bao moja, na tumebakiwa na nafasi ya kubadilisha mchezaji mmoja tu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapokuhitaji. Nahodha wetu anaitwa Hollins, ana miaka thelathini na saba, na alama yake ya nguvu imekuwa nyekundu. Fidèle anataka atoke, aingie kiungo mmoja mwenye mapafu. Maman Riziki anasema mtu mzima hatolewi mbele ya watoto wake, bora atoke beki wa kulia ambaye tangu mwanzo hampendi sura. Na kwenye kona ya benchi yupo mmoja anaitwa Pell. Mashine imempa nyota moja tu, dhaifu kuliko wote arobaini na mmoja. Hajacheza hata dakika moja msimu huu, maana zamu yake kila ikifika mtu anasema wiki ijayo. Viatu amefunga.

Nilimtazama Pell, nikamwona Hasani. Kibanda kizima kilikuwa kikinipigia kelele, huyu, yule, harakisha. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Unafanya nini?" akauliza Fidèle.

"Kocha si mimi," nikamwambia. "Jina lililoandikwa pale ni la baba yangu. Tumuulize mwenyewe."

Nilidhani watanipiga. Badala yake Maman Riziki akachukua kitenge kipya, kile cha maua ya bluu nilichokuwa nimekitenga kwa Mama, akaifunika kompyuta kama mtoto aliyelala, akasema: "Njo vizuri. Muzee aseme." Sasa ni siku ya nne. Fidèle haruhusiwi kuigusa mashine yake mwenyewe. Nikipita sokoni watu hawanisalimu, wananiuliza, "Muzee amejibu?" Maman Riziki amemweka mwanawe mkubwa alinde waya.

Nisalimie Mama, mkandaji magoti wa nyumba, na umwambie kitenge chake kiko kazini, kitakuja. Nisalimie shangazi Amina anayewapikia wote na kula wa mwisho. Msalimie shemeji Yusufu, mume wa Zaituni, fundi baiskeli, na umwambie deni la mbuzi silikumbuki. Na ukimwona Hasani, nasikia sasa ni mwalimu wa chuo cha Kurani na ana watoto sita, mwambie Rama anamsalimu kwa moyo wote.

Wazee wa kamati walikuondoa bila kukuuliza neno. Mimi nakuuliza. Mwandiko ni ule ule, Baba, angalia ile R, lakini safari hii hakuna mstari wa kukupumzisha. Itoe filimbi kwenye msumari, ipanguse vumbi, umwambie Zaituni maneno mawili tu, naye atayatuma. Uwanja wa Wexby umejaa, wachezaji wamesimama walivyo, mpira uko hewani, wala hautashuka mpaka useme.

Nani atoke, nani aingie?

Mwanao uliyemweka benchi, na bado yuko hapa anangoja,

Ramazani