Maneno Matatu ya Bibi Yako

Chunyu, Ruangwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Magoti yanamsumbua bibi yako, ila sauti yake iko palepale.

Umeuliza kama ule mtindo wa mwalimu wenu wa Kiingereza, wa kupanga maneno yanayoanza kwa sauti moja, unafaa hata kwenye barua na matangazo ya kila siku, au ni madoido tu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini mtindo huo naujua. Ndio ulionipatia mke.

Nilikuwa kijana, nimetoka Chiola kuja hapa kumsaidia mjomba kuanika korosho. Siku moja wingu likatanda ghafla, na korosho za majirani wote ziko nje kwenye majamvi. Zikilowa, ghalani hazipokelewi. Watu wakapiga kelele, kila mtu na lake. Ndipo binti mmoja akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaita: "Kusanya! Kunja! Kimbia!"

Mikono yetu ilitii kabla ya akili. Mvua ilipoanguka, majamvi yote yalikuwa ndani.

Baadaye nikamwuliza mbona hakuongeza neno la nne, maana yalipendeza. Akacheka. "Ningeongeza, mngesimama kunisifu, korosho zilowe."

Nimeacha kalamu kidogo hapa. Wingu limetanda, na bibi yako ameita yale yale matatu kutoka kibarazani.

Babu yako, ambaye bado anahema.