Jogoo wa Dani Aliyerudishwa Bila Neno

Kwako Baba, uliyelala Muhuru,

Naandika nimesimama. Usicheke. Tangu Jumatatu kiti kinanichoma. Leo nimehamisha kitanda mara mbili katika chumba changu cha kupanga hapa Kosele, kisha nikakirudisha palepale, mpaka mama mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza kama kuna panya. Nikasema ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshinda ile bahati nasibu ya viza, Amerika wananiita, na Mama hajui?

Unakumbuka kile kitabu chako cha historia kisicho na jalada? Tulikiita kitabu cha Wajerumani, maana sura nyingine hukuzisoma. Kule kisiwani kwetu Mfangano, kila Sabato baada ya chakula, ulituketisha mimi na Mama ukatusomea jinsi familia za Ujerumani zilivyouza ng'ombe, zikapakia Biblia, plau na mbegu, zikapanda merikebu za matanga kwenda Amerika. Wiki sita, wiki saba baharini, watoto wanatapika gizani chini ya sitaha, na wengine hawakufika. "Na bado walienda!" ulisema, ukijipiga goti. Mama aliguna tu. Kwenye picha kulikuwa na bibi kizee amesimama gatini. Nikakuuliza ana nini. "Huyo haendi," ukasema, ukafungua ukurasa mwingine.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini shamba likawa dogo, ndugu zako wakawa wengi, ukaamua tuhamie Muhuru Bay. Ulikodi mashua ya tanga, ukapakia plau na mbegu kabla hata ya godoro. Mama akakuuliza, "Sasa Mjerumani wangu, tutalalia plau?" Wewe uliona fahari tu!

Ila ulisahau jambo moja. Hapana, hukusahau, ulilikataa. Mtu wa kwetu akienda kufungua boma jipya huingia na jogoo aliyetoka kwa wazazi wake. Huyo ndiye awike pale kwanza, ndipo ijulikane kwamba mwenye boma ametoka kwao kwa heri. Wewe mzee wa kanisa ulisema mambo hayo uliyaacha kwenye maji ya ubatizo. Dani, mama yako, hakubishana nawe. Asubuhi ya safari alinivuta nyuma ya jikoni akanipa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. "Mfiche kwenye magunia," akasema. "Mkifika, mwachilie yeye kwanza." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi jambo zito kama lile.

Lakini jogoo gani anajua kunyamaza? Katikati ya ziwa upepo ukalegea, akawika. Wenye mashua wakacheka mpaka mmoja akaachia kamba. Wewe hukucheka. Mashua nyingine ilikuwa inatupita karibu, inapigwa makasia kuelekea Mfangano. Ukaniambia, "Wape hao wamrudishie nyanya yako. Na wamwambie hivi: Mama, asante, moyo wako nimeupokea, tutakuja kukuona Disemba." Kisha ukageuka kushughulika na tanga.

Baba, sikusema. Hili ndilo linalonisimamisha. Nilimkabidhi mpiga kasia jogoo, akauliza, "Wa nani?" Nikasema, "Wa Dani," nikataja boma, basi. Nilikuwa na hasira nawe, nikaona kama humtaki jogoo wake, hata hiyo asante yako ya nini? Ulipouliza kama nimewaambia, nikaitikia, "Ndiyo, Baba."

Kwa Dani, jogoo aliyerudi bila neno alikuwa na maana moja tu: mwanangu amenikana. Barua zako alikataa kusomewa. Disemba ulienda, akatoka akakusalimu kama anavyosalimiwa karani wa chifu, akarudi ndani. Mpaka tukamzika, na mpaka tukakuzika wewe, uliamini ni ugomvi wa dini. "Mama alitaka nichague kati yake na Mungu," uliniambia ukiwa hospitalini. Nilikuwa nimeshika bakuli lako la uji. Nafasi ya kusema ilikuwa ile, nami nikaendelea kuukoroga uji uliokwisha kupoa.

Nisamehe. Nilikuwa nimeandika maneno mengi hapa, nimeyafuta yote.

Juzi darasani niliwasomea wanafunzi wangu sura yako ya Wajerumani. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao walioondoka waliaga?" Nikajibu kitabu hakisemi. Akaendelea kunitazama, nami nikawapa zoezi ili wainamishe vichwa.

Maana nilikuwa nimeshapanga, Baba. Ningemwambia Mama naenda semina Nairobi, nipande ndege, nimwandikie nikishafika. Siku hizi yuko Muhuru peke yake, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, na hana mtoto mwingine. Nimekuwa nikijiambia kwamba namwonea huruma. Uongo mtupu! Naogopa uso wake.

Kesho naenda. Simtumi mtu, wala sitangulizi barua. Nitamkuta kwenye omena zake, nimwambie kwanza nilichomfanyia mama yako, na nilichokufanyia wewe, ndipo nimwambie habari za Amerika. Anaweza kukataa. Na hata akikataa huenda nikaondoka, najijua, miguu hii nimeirithi kwako. Lakini kama ni kulia, atalia nikiwa mbele yake. Na kama ni kunikana, anikane mimi, kwa nililolisema kwa kinywa changu.

Pumzika, Baba. Mimi bado sijaketi.

Aliyekudanganya akikupenda,
Mwanao wa pekee