Mkeka Uliokusindikiza

Baba,

Nimetoka hospitali na Zuhura, mjukuu wako usiyemwona.

Wiki tatu hali chakula, analia tumbo, kalegea. Mama akasema chango, tukampa mizizi. Wapi! Daktari kampima damu, kakuta madini ya risasi, akaniuliza nyumbani nani anafanya kazi ya rangi. Nikamwambia alikuwapo baba yangu, kiwanda cha Chang'ombe, alikufa kwa kifua. Akauliza: hakuletaga kitu nyumbani?

Nikakumbuka palepale, Baba. Si ule unga wa njano! Uliokuwa ukiufagia chini ya mashine, unaufunga gazetini, Mama anachemshia ukindu wa mikeka yake. Anasuka kabana ncha kwa meno, vidole njano kama katwanga binzari. Nasi tunasifia, Temeke nzima hakuna mkeka unaong'aa vile.

Unga ule una sumu. Ndiyo hiyohiyo uliyoivuta miaka yote, umejifunga kitambaa puani. Na sie tukasema umerogwa! Tukamnunia jirani, mtoto wa watu, hadi leo hatumsalimii. Ya Rabi, alitukosea nini yule mama?

Kiwanda kimeuzwa. Mwenyewe mpya kawapa wenzako vya kuziba pua, vizuri kabisa, na glovu. Kumbe vilikuwepo duniani.

Mkeka uliofunika jeneza lako ulikuwa wa njano hiyo, unakumbuka, ule mkubwa. Ulirudi kutoka makaburini Mama akauhifadhi. Zuhura alipozaliwa akamtandikia, eti alale kwa babu yake. Mwanangu katambaa juu yake, katafuna pindo lake, mie namwangalia nacheka.

Daktari anasema tumemuwahi. Kesho Mama naye anapimwa. Mkeka nimeufunga kwenye nailoni, Mama anauulizia tangu asubuhi, na leo lazima nimwambie.

Ninachoogopa ni hiki. Yeye ndiye aliyekuomba ule unga. Ulimkatalia mara mbili, "Mke wangu, vitu vya kazini viache kazini." Akanuna, ukaleta. Atakumbuka, Baba, unamjua. Atajimaliza.

Basi naomba nikusingizie. Nitamwambia uliniambia mwenyewe kwamba ungeuleta hata asingeomba, ulitaka tu kumfurahisha. Unisamehe, na huko uliko usinikane.

Zuhura atapona, naapa. Jirani nitakwenda kumpigia magoti leo hii. Pumzika, Baba yangu, sasa pumua.

Mwanao,
Salma