Mtamba Aliyeangusha Nguzo ya Sola

Kilosa Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Obed,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla ya kuifungua bahasha, nami nimeitikia. Natumaini wewe, shemeji Regina na watoto ni wazima huko Mikumi, na kwamba tembo hawajarudi katika mahindi yenu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Nimeinuka kitini mara nyingi tangu nianze kuandika.

Unakikumbuka kile kiwanja cha ginneri, kiwanda cha kuchambulia pamba, karibu na reli, kilichoachwa kikamea magugu hata watu wakaogopa kupita. Halmashauri imekigeuza kuwa bustani ya umma. Paneli za sola zimewekwa juu ya nguzo, na chini yake kuna mabenchi, hivyo mchana paneli ni kivuli na jioni zinawasha taa. Pampu ya kisima nayo inatumia umeme huohuo. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya bustani hiyo, na nilijivuna kwa cheo hicho.

Wiki iliyopita, nguzo moja ambayo saruji yake ilikuwa haijakauka iliangushwa. Paneli zilipasuka, pampu ikanyamaza. Herman, fundi wa sola, alisema kwamba ng'ombe waliokuwa wakienda kunywa maji katika mto Mkondoa walipita hapo, na mmoja akajikuna kwenye nguzo. Walikuwa ng'ombe wa Koinet, mfugaji wa Kimaasai unayemfahamu.

Niliitisha mkutano palepale, Koinet akaja na ng'ombe yule. Watu walikuwa na hasira. Anastazia muuza vitumbua alimuuliza kama bomani kwake hakuna mti wa kujikunia, hata ng'ombe wake waje kukunwa na serikali. Watu walicheka. Mimi, badala ya kuwanyamazisha, nilimkaripia Koinet kuliko wote. Nilimwambia kwamba asiyejua kuchunga hastahili kupita mjini. Kisha nikamuuliza mbele ya watu ng'ombe huyo ni wa nani. Alijibu kwa upole kwamba ametoka bomani kwake, na mzee asikasirike.

Kamati ilipendekeza Koinet alipe hasara, tena asipitishe mifugo mjini. Kikao cha kesho kitathibitisha. Njia nyingine ya kwenda mtoni inapita katikati ya mashamba, na wewe unajua yanayotokea hapa Kilosa ng'ombe wakiingia katika shamba la mtu wakati wa kiangazi. Watu wataumizana.

Sasa nisikilize, Obed. Ng'ombe yule ni mtamba wetu mwekundu. Tulimkabidhi Koinet kwa desturi yetu sisi Wasukuma ya kutawanya mifugo kwa marafiki, na anayetunza hamtaji mwenye mali mbele ya watu. Koinet si Msukuma, lakini aliipokea desturi hiyo na ameishika. Nilikuwa nimekwisha kuiona alama ya sikio niliyoikata kwa mkono wangu, kabla sijafungua kinywa kumkaripia. Hata nilipomuuliza ng'ombe ni wa nani, nilijua, na nilijua kwamba hatasema.

Jana nilikwenda bomani. Nalepo, mkewe, alinipa maziwa, nikashindwa kuyanywa. Koinet alinishauri niache mambo yalivyo, kwa kuwa watu watachoka kusema. Nilimwambia kwamba sikufuata ushauri, nimefuata kamba ya kumwongozea mtamba.

Kesho mimi mwenyewe nitamwongoza mtamba, kwa miguu, kupitia sokoni hadi bustanini. Nitamfunga palipoanguka nguzo, niwaambie kwamba ni wangu na wako, na kwamba nilikuwa najua. Uenyekiti wauchukue. Akiuzwa kulipa paneli, mwambie mwanao Marko kwamba mahari yake yamepungua ng'ombe mmoja, na aliyeyapunguza ni baba yake mkubwa. Najua ungetaka kunizuia. Barua hii itaondoka kwa basi la asubuhi, na saa hiyohiyo mimi nitakuwa njiani na mtamba.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Casmir Ngolo