Sentensi Niliyoiruka

Kibondo, 12 Desemba 2015

Shangazi Kezia,

Shikamoo. Huku mvua ni nzuri, maharage yametoa maua. Mama anasema gauni ulilomshonea linambana, ila kosa ni la tumbo lake, si lako.

Nina jambo ambalo uso kwa uso nisingeliweza kukuambia. Siku nilipokuja hapo kambini Nduta na watafiti kuwatafsiria, nilikusomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ukatia sahihi. Kulikuwa na sentensi moja ndefu ya Kiingereza ambayo sikuielewa. Niliona aibu kumuuliza Bwana Godson, mtunza takwimu wao, maana ndiye aliyenisifu kwamba Kiingereza nakijua. Nikairuka.

Jana ndipo nilipoielewa. Inasema maelezo yako ya jinsi mlivyokimbia kwenu yatawekwa mtandaoni, asome yeyote. Jina wamelifuta, lakini wameacha "fundi cherehani, mama wa mapacha, ana kovu la moto mkononi." Nani hapo kambini hatakujua? Na wale uliowataja kuwa waliwatendea ubaya, ndugu zao mnapanga nao foleni moja ya mgao.

Nilimwambia Bwana Godson huku nalia. Akasema, "Dorcas, sentensi hiyo hata mimi niliisoma mara tatu. Sasa wa kuamua ni shangazi yako, si mimi wala wewe."

Faili linafunguliwa mtandaoni Ijumaa. Jumatano mimi na Bwana Godson tutakuja. Ukikataa, maelezo yako yanaondolewa yote. Nitakusomea fomu upya, na nisipoelewa neno nitamuuliza hapo hapo, mbele yako.

Mtoto wa kaka yako,
Dorcas